Mbwa Mwitu Ndani ya Ofisi



Ukurasa huu umezoea kuwaletea habari za mishahara, likizo, ajali za mitambo na mikataba. Safari hii tunazungumza juu ya sinema. Msishangae. Sinema hii inahusu jambo ambalo kila mmoja wetu, awe kwenye mashine ya kufuma au kwenye shamba la chai, analiogopa kuliko simba: kampuni kuuzwa, tajiri mpya kuingia, na watu kuanza kuulizana nani atabaki na nani atakwenda.

Sinema yenyewe inaitwa Wolf, maana yake mbwa mwitu. Ilitoka Marekani mwezi wa Juni 1994. Aliyeiongoza ni Mike Nichols, na mchezaji mkuu ni Jack Nicholson. Wako pia Michelle Pfeiffer, James Spader na Christopher Plummer, pamoja na marehemu Om Puri, ambaye wapenzi wa sinema za Kihindi wanamfahamu sana. Ni sinema ya kutisha. Mtu anang'atwa na mnyama, na mwezi ukipevuka naye anageuka mnyama. Lakini mambo hayatokei katika pango wala katika ngome ya kale. Yanatokea mjini New York, katika ofisi ya kuchapisha vitabu, kati ya watu wenye tai, miwani na makaratasi.

Neno ninalotaka kuwaonyesha ni hili. Mtu wa sinema hii aliponyang'anywa kazi, hakuirudisha kwa meno. Aliirudisha kwa sababu wapo watu waliokubali kutoka pamoja naye. Halafu akaisahau nguvu hiyo, akayategemea meno, na mwisho wake akapotea msituni.

KILA NCHI NA MNYAMA WAKE

Mbwa mwitu wa wenzetu si yule wa mbuga zetu mwenye mabaka. Ni mnyama mkubwa wa rangi ya kijivu au nyeusi, anawinda kwa makundi katika nchi za baridi, na kwa karne nyingi ndiye aliyemaliza kondoo wa wakulima wa Ulaya. Kwa hiyo wazee wao walipotaka kusimulia habari za mtu mwenye unyama ndani yake, walimtaja huyo.

Sisi tunao wa kwetu. Wazee husimulia fisi, chui na simba. Katika Kongo ya mashariki, enzi za Wabelgiji, walijulikana anioto, yaani watu-chui. Huko Singida, Tanganyika, katika miaka ya 1940 palitokea mauaji yaliyosemekana ni ya simba-watu. Lakini siku ya hukumu aliyesimama kizimbani hakuwa chui wala simba. Alikuwa mtu. Na kwa wale anioto, nyuma ya ngozi na makucha mara nyingi palikuwa na ugomvi wa watu juu ya utawala. Tushike neno hilo, maana ndilo litakalotufungulia sinema hii.

HABARI ZA BUSTANINI

Will Randall ni mhariri mkuu. Kazi yake ni kusoma miswada ya waandishi na kuamua ipi itoke kuwa kitabu. Ni mtu mpole, umri umemwendea, na anapenda vitabu kweli. Usiku mmoja anaendesha gari katika theluji, jimbo la Vermont, mwezi ukiwa mpevu. Anagonga mnyama mweusi. Anashuka amwondoe barabarani akidhani amekufa. Mnyama anamng'ata mkono na kukimbilia msituni.

Anaporudi kazini, jeraha lile si habari kubwa. Habari kubwa ni kwamba kampuni imenunuliwa na tajiri mmoja, Raymond Alden. Tangu asubuhi watu wananong'ona kwenye korido. Kila mmoja anatazama mlango wa mwenzake. Ndugu zangu, hapa nilisahau kwamba ninatazama wazungu. Katika kiwanda kimoja cha nguo nilichokuwa nikikitembelea, wiki ile habari ya kuuzwa ilipovuja, mafundi waliokula sahani moja kwa miaka 10 waliacha kusalimiana. Kila mtu alikuwa na siri yake, na kila siri ilikuwa inapelekwa kwa meneja.

Tajiri Alden anawaalika wakubwa wa kampuni kwenye karamu nyumbani kwake. Jumba ni kubwa, farasi wapo, walinzi wapo. Anamchukua Will matembezini bustanini na kumwambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba nafasi yake anapewa mtu mwingine. Will anaweza kupewa kazi ya kufungua soko huko Ulaya ya Mashariki. Hakuna kosa lililotajwa. Hakuna barua, hakuna shahidi. Miaka yote ya kazi imefutwa kati ya maua na glasi ya kinywaji.

Na huyo mwingine ni nani? Ni Stewart Swinton, kijana aliyefundishwa kazi na Will mwenyewe, anayemwita mwalimu wake na kumpigia makofi hadharani. Kumbe alikwisha kwenda kwa tajiri zamani kujiombea kiti. Baadaye Will anagundua kwamba kijana huyo huyo anatembea na mke wake.

Tuseme kidogo juu ya sheria. Marekani, isipokuwa jimbo la Montana, kanuni ya kawaida ni kwamba mwajiri anaweza kumwachisha kazi mtu asiye na mkataba wa ulinzi wakati wowote bila kutoa sababu, mradi asifanye hivyo kwa sababu iliyokatazwa na sheria, kama rangi, dini au kujiunga na chama. Kwa hiyo jambo hili si chumvi ya watunga hadithi. Will alikuwa na cheo, ofisi na sekretari. Hakujiona kuwa mfanyakazi. Siku tajiri alipobadilika, akajikuta amesimama mstari mmoja na mkata mkonge.

Kichekesho ni kwamba kampuni iliyoitengeneza sinema hii, Columbia Pictures, nayo ilikuwa imeuzwa miaka michache kabla. Mwaka 1989 kampuni ya Sony ya Japani iliinunua kutoka kwa Coca-Cola kwa dola za Marekani bilioni 3.4. Watu waliokuwa wakiitengeneza hawakuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa kampuni inayobadilisha mwenye mali.

PUA NA MASIKIO

Sumu ya jeraha inaanza kufanya kazi. Will anasoma bila miwani. Anasikia mazungumzo ya vyumba vya mbali. Asubuhi ananusa pombe kwa mwenzake kabla hajamkaribia. Ananusa harufu inayomfichulia siri ya mke wake. Farasi wanamwogopa. Yule mzee mpole aliyekuwa akipitwa na kila mtu ameanza kuwa na nguvu za kijana, na usiku anatoka kuwinda.

Watazamaji wengi wanakipenda kipande hiki, hata mimi. Nani asingependa kusikia wanavyosema wakubwa katika chumba cha mikutano? Nani asingependa kunusa hila kabla haijafika? Lakini tujiulize: Will alikuwa na macho na masikio siku zote. Hila ya Stewart haikufanywa gizani. Ilifanywa mbele yake, kwa tabasamu. Hakuiona kwa sababu aliamini kwamba kazi nzuri pekee inatosha kumlinda mtu. Sisi tunaozunguka matawini tunalijua kosa hilo. Fundi bora wa kiwanda ndiye mara nyingi anayekataa kadi ya chama, akisema, "Mimi hawawezi kunigusa." Kisha siku inafika.

NGUVU YA KWELI ILIPOONEKANA

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini. Will anawaendea waandishi wakubwa ambao vitabu vyao ndivyo vinavyoiletea kampuni fedha. Wanakubali kwamba akitoka watatoka naye waanzishe nyumba nyingine ya vitabu. Wapo pia wenzake wachache ofisini wanaomsimamia. Akishakuwa na jambo hilo mkononi, anakwenda kwa Alden. Na yule tajiri aliyemfuta bustanini kwa maneno mawili anakunja mkia, anamrudishia nafasi yake.

Hapo hapakuwa na meno wala mwezi mpevu. Tajiri alinunua jengo, meza na jina la kampuni, lakini hakuwanunua watu. Watu wakisema tunaondoka pamoja, alichonunua kinakuwa maboksi matupu. Hii ndiyo elimu ya kwanza ya chama cha wafanyakazi, nayo imewekwa katikati ya sinema ya kutisha, na nadhani hata waliyoitunga hawakuipa uzito wake.

Will anaitumiaje nguvu hiyo? Anaitumia kulipiza kisasi. Anakutana na Stewart msalani, anamwambia kazi imekwisha, kisha anamkojolea viatu vyake vya ngozi laini, kama mnyama anavyoweka alama ya mpaka wake. Kwenye kibanda cha video watu hucheka mpaka machozi. Nami nilicheka. Lakini tukimaliza kucheka tuulize kama viongozi: Stewart naye ameachishwaje? Ni kama Will alivyoachishwa bustanini. Hakuna shtaka kwa maandishi, hakuna nafasi ya kujibu, hakuna shahidi. Alistahili adhabu, lakini mlango aliopitishwa ni ule ule wa tajiri.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1982 Mkataba namba 158 juu ya kuachishwa kazi. Unasema mfanyakazi asiachishwe bila sababu halali. Tena asiachishwe kwa ajili ya mwenendo wake au utendaji wake kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea. Malawi, Kongo, Uganda na Zambia zimeuridhia. Marekani haijauridhia. Haki hiyo ni ya mtu mwema na ya mtu mbaya pia. Tukiiondoa kwa Stewart, kesho hatutakuwa nayo ya kumkinga Will.

MBWA MWITU WAWILI

Katika sinema yumo Dakta Alezais, mzee mgonjwa anayechezwa na Om Puri. Anamweleza Will kwamba si kila aliyeng'atwa anageuka. Lazima pawe na kitu cha porini ndani yake tangu mwanzo. Tena mbwa mwitu huyo si mwovu ila aliyeng'atwa awe mwovu. Anampa hirizi ya kumzuia asigeuke.

Will alipomfumania Stewart alimng'ata mkono. Basi sasa wako wawili, na tofauti yao inaonekana. Will anawinda, anamjeruhi mhuni aliyetaka kumwibia, na kila asubuhi anajiuliza alilofanya usiku. Anaogopa kuwadhuru watu. Stewart haogopi kitu. Mke wa Will anakutwa ameuawa, na polisi wanamshuku Will, kumbe ni Stewart. Cheo, mwanamke, damu, vyote kwake ni kitu kimoja: kunyakua cha mwenzake.

Mwishoni Stewart anafika kwenye jumba la Alden kumtafuta Laura, binti wa tajiri, ambaye amempenda Will. Anawaua walinzi. Ndugu zangu, wale walinzi wanapita haraka sana kwenye sinema. Hatuambiwi majina yao, hatuwaoni watoto wao, hakuna anayeuliza fidia. Wakubwa wawili wanapigania kiti kimoja, na wanaokufa langoni ni watu wa mshahara wa mwezi. Mtunzi hakutaka tulitazame hilo, lakini mtazamaji aliyewahi kushika zamu ya usiku atalitazama.

Will anaivua hirizi ili apate nguvu ya kupigana. Wanararuana kwelikweli, na Laura ndiye anayemmaliza Stewart kwa risasi. Lakini kwa Will safari ya kurudi imekwisha. Anageuka mbwa mwitu kabisa, anaingia msituni. Laura naye, tunaonyeshwa, ameanza kunusa kama wao.

Basi hesabu ya mwisho ni ipi? Mke amekufa, kijana amekufa, walinzi wamekufa, mhariri mkuu ni mnyama porini. Na kampuni? Bado ni ya Alden. Yeye hakumng'ata mtu, hakuota manyoya, wala polisi hawakumhoji juu ya watu aliotaka kuwaondoa. Mwenye kuanzisha vita vyote amebaki na mali yake. Hiyo ndiyo sehemu ya kutisha kuliko zote, na imepita bila muziki wa kutisha.

YALIYOTOKEA KWELI NEW YORK

Msidhani mambo ya ofisi za vitabu ni ya kubuni. Mwaka 1990, miaka 4 kabla ya sinema hii, yalitokea New York mambo yanayofanana nayo, bila mwezi wala manyoya. Nyumba ya vitabu ya Pantheon ilikuwa tawi la Random House, kampuni iliyokuwa mali ya ukoo wa Newhouse tangu 1980. Wakubwa walisema Pantheon inaleta hasara. Mkuu wake, André Schiffrin, alitakiwa kupunguza vitabu na watu, akakataa, akaondoka. Wahariri wenzake waliacha kazi pamoja naye, na waandishi wakaandamana mbele ya jengo la kampuni.

Mmoja wa waandishi waliokuwa upande wake alikuwa Studs Terkel. Huyu ndiye aliyeitoa kwa Pantheon, mwaka 1974, Working, kitabu cha mazungumzo ya watu wa kazi wanaoeleza wenyewe wanavyoishi na kazi zao. Hivyo vita vile vilituhusu hata sisi: vilikuwa juu ya kama kitabu cha sauti ya mfanyakazi kitapata mahali pa kuchapishwa.

Hawakurudishiwa nafasi zao. Lakini hawakugeukana. Schiffrin alianzisha nyumba mpya isiyotafuta faida, The New Press, iliyoanza kutoa vitabu mwaka 1992, na Terkel akamfuata huko. Linganisha na Will: yeye alipata kiti akapoteza ubinadamu. Hawa walipoteza viti, wakabaki na wenzao na kazi yao.

Kisha iko habari ya karibuni zaidi. Tarehe 10 Novemba 2022, wafanyakazi wapatao 250 wa HarperCollins waligoma. Ni kampuni ya vitabu iliyo chini ya News Corp, ambayo wakati ule mwenyekiti wake alikuwa Rupert Murdoch. Walikuwa wahariri, wachoraji wa majalada, watu wa mauzo na wa matangazo, yaani watu wa ofisi kama ile ya Will Randall. Na chama chao ni kipi? Ni UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari! Mtu wa kalamu na mtu wa spana, kadi moja.

Walisimama barabarani majira ya baridi kali. Mshahara wa chini ulikuwa dola 45,000 kwa mwaka. Kwetu ni fedha nyingi, lakini New York kodi ya chumba huimeza. Waandishi wengi waliwaunga mkono, na baadhi ya mawakala wa waandishi walikataa kuipelekea kampuni miswada mipya wakati wa mgomo. Mwezi wa Februari 2023 yakapatikana makubaliano: mshahara wa chini upande mara moja hadi dola 47,500, na ufike dola 50,000 mwanzoni mwa 2025, pamoja na malipo ya mara moja ya dola 1,500 kwa kila mmoja. Tarehe 21 Februari wakarudi kazini wote pamoja.

Hawakuhitaji kung'atwa na mnyama. Ile nguvu ambayo Will aliigusa siku moja kisha akaiacha, wao waliishika zaidi ya miezi 3, na hawakuitumia kumpa mtu mmoja kiti.

YA KUZUNGUMZA TAWINI

Mkipata nafasi ya kuitazama sinema hii, itazameni, ila watoto wasiwepo, maana ina damu na mambo ya watu wazima. Baada ya hapo kaeni dakika 30 mjibu maswali haya:

1. Tetesi za kuuzwa kwa kiwanda au shamba zikifika, nani anakwenda kumuuliza mwajiri kwa niaba ya wote? Kama jibu ni "kila mtu na lake", Stewart yumo tayari kati yenu.

2. Mkataba wenu wa pamoja unasema nini mali ikibadilisha mwenyewe? Je, miaka ya utumishi inahesabiwa kwa tajiri mpya, au mnaanza upya? Kama hakuna kifungu, andikeni sasa, msingoje karamu ya bustanini.

3. Nani katika kazi yenu ni kama wale walinzi wa langoni, watu ambao hata sisi hatujui majina yao? Vibarua wa msimu? Wapishi? Wamekwisha kualikwa mkutanoni?

4. Aliyetusaliti tunamshughulikia kwa utaratibu upi?

Leteni majibu kwa katibu wa tawi. Swali la 2 lina haraka kuliko mengine, kwa kuwa kifungu cha mkataba hakipatikani siku tajiri mpya anapofika na orodha yake.